Nati za spoku zilizoganda kwa kutu: namna ya kuzifungua bila kuvunja spoku

Ukitaka kujua chumvi inavyoila baiskeli, litazame gurudumu la nyuma la mchuuzi wa samaki. La mbele huenda bado linang'aa. La nyuma, lililo chini ya tenga, limekwisha: maji ya barafu na ya samaki yanachuruzika kwenye keria, yanateremka na spoku, yanakwenda kusimama pale spoku inapoingia kwenye rimu. Hali ni hiyo hiyo kwa baiskeli zinazobeba mwani huku mashariki ya Unguja, Paje hadi Jambiani. Gunia bichi linafungwa nyuma na maji ya bahari yanadondoka njia nzima.

Pale maji yanaposimama ndipo ilipo nati ya spoku, kile kinati chembamba kirefu kinachoishika spoku kwenye rimu. Wengine wanaiita nipeli. Kazi yake ni kukazwa na kulegezwa ili rimu isimame wima. Ikiganda, gurudumu likianza kuyumba huna la kulifanya. Unazungusha spana, na badala ya nati kuzunguka spoku ndiyo inayojisokota mpaka ikatike.

Nilipoanza kazi hii nilidhani ni suala la nguvu. Niliwahi kuzikamata nati tatu zilizoganda kwa plaizi kubwa, nikakaza meno na kuzungusha. Spoku tatu zilikatika zikifuatana, rimu ikapinda vibaya kuliko ilivyoletwa, na rimu mpya niliinunua kwa pesa yangu. Tangu siku ile sitazami nati ninapozungusha. Natazama spoku.

Kwanza jua ni madini gani

Nati nyingi nzuri ni za shaba ya njano iliyopakwa nikeli, kwa hiyo kwa nje zinaonekana nyeupe. Kwangua kidogo kwa ncha ya tupa: ukiona njano chini yake, ni shaba, na una bahati. Shaba haishiki kutu ya chuma. Iliyoganda ni spoku iliyo ndani yake, maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, basi inavimba ndani ya hesi, ile mistari ya skrubu, na kubana. Mafuta na subira vinaimaliza kazi hiyo mara nyingi.

Ukikwangua ukaona weupe mwepesi, na pembeni kuna unga mweupe kama chokaa, hiyo ni alumini. Zinapatikana kwenye baiskeli za mashindano na za milimani zinazoletwa mitumba kutoka Ulaya, nyingine zimetiwa rangi nyekundu au buluu. Alumini ikigusana na chuma, katikati yao pakiwa na maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Nati yenyewe inalainika, inapasuka kichwa, na hata ikifunguka haifai kurudishwa. Hizi usizitesekee sana. Panga moja kwa moja kuzibadilisha.

Aina ya tatu ni nati za chuma kilichopakwa, za bei ya chini. Kutu nyekundu kwa nje, kutu nyekundu kwa ndani. Baadhi zitafunguka, baadhi utazikata, na ni vizuri umwambie mwenye baiskeli mapema kabla hujagusa kitu.

Vifaa

Spana ya spoku inayobana sawasawa ndiyo muhimu kuliko vyote. Ile ya duara yenye mapengo kumi kidogokidogo, ambayo kila duka linayo, inatosha kwa gurudumu jipya. Kwa nati yenye kutu inacheza, inakula pembe, na nati inabaki duara. Tafuta spana ya saizi moja. Nati za kawaida zina upana wa milimita 3.23 au 3.45, na baiskeli nzito za mizigo zinaweza kuwa na kubwa zaidi. Ijaribu: ikikaa kwenye nati bila kuchezacheza, ndiyo hiyo.

Zaidi ya hapo tafuta plaizi ndogo, gripu ya kujifunga, bisibisi bapa, mswaki mkuukuu, brashi ya waya, tupa ndogo, bomba la sindano la duka la dawa, kipande cha mpira wa tyubu, utepe wa karatasi au plasta, chaki na miwani. Miwani si mapambo. Spoku inayokatika ikiwa imekaza inaruka.

Mafuta ya kupenya ya kopo yanafaa. Yakikosekana, mimi nachanganya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo. Havichanganyiki vikakaa, kwa hiyo unatikisa kila unapovuta kwenye sindano. Asetoni inashika moto upesi, basi weka mbali na jiko na sigara. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo nayo yanasaidia, ila taratibu zaidi. Mafuta ya nazi acha yabaki kwenye nywele.

Siku ya kwanza: kuosha, kuhesabu, kutia mafuta

Vua gurudumu, toa upepo, ondoa tairi, tyubu na ule mkanda unaofunika vichwa vya nati. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa uvivu. Usiiruke: utahitaji kuviona vichwa kutoka juu, mafuta yanaharibu mpira wa tyubu, na spoku ikisukumwa juu itaitoboa.

Halafu osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Najua, inaonekana kichekesho kukiosha kwa maji kitu kilicholiwa na maji. Lakini chumvi ikiganda mdomoni mwa nati mafuta hayapiti. Sugua kwa mswaki, kausha juani mpaka pakauke kabisa, kisha pitisha brashi ya waya kuondoa magamba ya kutu.

Sasa jaribu kila nati kwa spana, kwa upole, nguvu ya vidole viwili tu. Inayozunguka iache. Isiyozunguka iwekee alama ya chaki kwenye rimu. Baiskeli za mizigo za mtindo wa zamani mara nyingi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo hesabu yako ya chaki itakuambia kazi ina ukubwa gani. Zikiwa tano au kumi, endelea. Zikizidi nusu, na rimu yenyewe imeanza kupukutika kandokando ya matundu, zungumza na mwenye baiskeli habari za rimu mpya. Kichwa cha nati kinakalia ukingo wa tundu. Ukingo ukiwa umepasuka au umekonda, utakaza leo na kesho nati itapenya.

Kutia mafuta kuna ufundi wake mdogo. Nati ina milango miwili: pale spoku inapoingia, na kule juu kwenye kichwa chenye mkato wa bisibisi. Mafuta hayapandi mlima, basi ligeuze gurudumu liyasaidie. Lisimamishe wima. Kwa nati iliyo chini kabisa, karibu na sakafu, dondoshea tone kwenye spoku sentimita moja juu ya nati. Litateremka lenyewe mpaka ndani. Kwa nati iliyo juu kabisa, kichwa chake kinatazama mbinguni, dondoshea tone kwenye mkato. Zungusha gurudumu kidogo kidogo mpaka kila nati ya chaki imepita chini na imepita juu. Tia pia tone pale nati inapogusa rimu, maana wakati mwingine kilichoganda ni nati na rimu, si nati na spoku.

Kisha gongagonga kila nati kwa mpini wa bisibisi, kama mtu anayebisha hodi. Mtikisiko unafungua njia kwa mafuta. Liache mpaka kesho. Kesho asubuhi rudia, na jioni rudia.

Hapa ndipo wateja wanapochoka. Mama mmoja aliniletea gurudumu la nyuma la baiskeli yake ya mwani.

"Fundi, gurudumu langu limelewa, linanipeleka mitaroni."

Nikamwambia aliache siku mbili.

"Siku mbili za nini? Si ufungue tu?"

"Mama, nikifungua leo nitakukatia spoku kumi. Nikifungua keshokutwa labda nitakata mbili."

Akaliacha, lakini alikwenda zake ananung'unika.

Angalizo moja kwa wenye baiskeli za zamani ambazo breki zake zinavutwa kwa vyuma, si kwa waya. Raba za breki hizo zinabana upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama habu (kitovu cha gurudumu), yaani pale pale ulipokuwa unadondosha mafuta. Ukimaliza kazi yote futa sehemu hiyo kwa spiriti na kitambaa safi, mara mbili. Zenye breki za kubana ubavuni, futa ubavuni.

Siku ya tatu: kuzungusha

Kwanza mwelekeo, maana hapa hata mafundi wanababaika. Ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kichwani, kukaza ni kufuata mshale wa saa, kama bolti yoyote. Lakini kwa kawaida unafanya kazi ukitazama kutoka upande wa habu, na ukitazama kutoka huko kukaza kunaonekana kwenda kinyume cha saa. Ukisahau, weka bisibisi kichwani na ufikirie ungeizungusha vipi. Nati iliyoganda ukiikaza kwa kosa huku ukidhani unalegeza, unaongeza mzigo kwenye spoku iliyokwisha kudhoofika.

Pili, punguza mkazo. Huu ni ujanja ninaoupenda kuliko mwingine wowote. Gurudumu likibebeshwa uzito, spoku za chini, zile zinazotazama ardhi, zinalegea kidogo. Za pande nyingine karibu hazibadiliki. Basi simamisha gurudumu sakafuni juu ya kipande cha ubao, ile nati iliyoganda iwe chini kabisa, na mwambie kijana akandamize ekseli kwa mikono miwili kwa uzito wake wote. Ukiipiga spoku ile kwa ukucha utasikia sauti imeshuka. Wakati huo ndipo unapozungusha.

Tatu, bandika bendera. Kata kipande cha utepe, kikunje kwenye spoku sentimita tatu juu ya nati, kiache kitokeze upande mmoja. Zungusha spana moja ya nane ya mzunguko, usizidishe. Bendera ikibaki palepale na nati imezunguka, umeshinda. Bendera ikizunguka pamoja na spana, nati haijafunguka. Spoku ndiyo inajisokota. Rudisha mahali pake mara moja.

Mkono wako nao utajifunza. Nati inayofunguka inatoa mlio mkavu, tik, halafu inakuwa nyepesi. Spoku inayosokotwa haina mlio. Unahisi kitu kinavutika kama mpira na kinataka kurudi.

Bendera ikizunguka, ishike spoku isijisokote: ifunge kwa kipande cha tyubu, kisha ibane kwa plaizi karibu kabisa na nati. Tyubu ni ya kuzuia meno ya plaizi yasiikwaruze, maana mkwaruzo wa leo ni mahali pa kukatikia mwezi ujao. Jaribu tena kulegeza moja ya nane, rudisha, legeza, rudisha. Nenda na kurudi kunasaga kutu ndani na kuyaingiza mafuta. Ikigoma baada ya mara tano sita, tia tone jingine, nenda kwenye nati nyingine, itarudiwa baadaye. Nati zilizogoma asubuhi nyingi zinakubali alasiri.

Ikishalegea, usiishie hapo. Ilegeze mizunguko miwili, tia oili kwenye hesi iliyojitokeza, irudishe mizunguko miwili kamili. Hesabu kwa sauti. Kwenye spoku za kawaida za milimita 2 zipo hesi 56 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu milimita 0.45. Mizunguko miwili iliyosahaulika ni karibu milimita moja nzima, na gurudumu litakuonesha. Fanya nati moja moja. Usilegeze zote kwa pamoja ukadhani utakumbuka.

Zilizobaki: moto

Nati ya shaba iliyokataa mafuta inaweza kukubali joto. Tumia chuma cha kulehemu cha mafundi redio: gusisha ncha yake kwenye nati dakika moja au mbili, kisha jaribu spana ikiwa bado ya moto. Shaba inatanuka kuliko chuma, na ule mwanya mdogo unatosha. Kiberiti cha gesi kinaweza, ila kinaunguza rangi na kinafika pasipotakiwa.

Masharti mawili. Futa mafuta yote na acha asetoni ikauke kabisa kabla ya joto. Na usijaribu moto kwenye rimu ya kaboni, hata siku moja.

Nati iliyokuwa duara

Pembe zikishaliwa, spana haina kazi tena. Ingia kutoka juu kwa bisibisi inayojaa mkato, sukuma kwa uzito wa mwili huku ukizungusha. Mkato ukiwa umekufa, tumia tupa kuchonga pande mbili bapa zinazotazamana kwenye mwili wa nati, kisha funga gripu iume kwelikweli. Gripu inaua nati, lakini nati ni kitu cha bei ndogo. Tunachookoa ni spoku na muda.

Kukata

Ikiwa hakuna njia, kata. Lakini usikate spoku iliyokaza kwenye gurudumu lililokaza. Legeza kwanza majirani wake wanaozunguka, kiasi sawa pande zote mbili, mizunguko miwili hivi. Vaa miwani. Funga kitambaa kwenye spoku, shika, kata katikati kwa koleo la kukatia waya. Ikiwa zilizoganda zinafuatana, kata moja, weka mpya, ikaze kiasi, ndipo ukate ya pili. Mtu aliyekata sita zilizo jirani kwa mpigo atalipata gurudumu lenye umbo la yai.

Kwa gurudumu la nyuma, spoku za upande wa cheni mara nyingi hazitoki mpaka uvue friwili, ile gia ya nyuma inayoshika cheni. Lijue hilo kabla hujaahidi bei.

Kupata urefu wa spoku mpya, pima nzima ya upande ule ule: kutoka ndani ya kona mpaka mwisho wa hesi. Kosa la milimita moja linavumilika. Spoku nzuri inaishia kwenye sakafu ya mkato wa nati. Ikipita juu, ipunguze kwa tupa, la sivyo tyubu itatoboka na mteja atarudi na maneno.

Nati mpya ziwe za shaba, hasa kama baiskeli inakaa pwani. Chovya hesi ya spoku kwenye grisi kabla ya kuivalisha, na weka grisi kidogo pale kichwa kinapokalia rimu. Grisi hii ndiyo itakayoamua kama kazi hii itarudiwa baada ya mwaka mmoja au mingi.

Kulinyoosha

Rudisha gurudumu kwenye fremu, baiskeli juu chini. Funga kijiti kwenye uma kwa mpira, ncha ikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha. Rimu ikivutikia kulia, kaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu hapo inapogusa, na legeza za kulia kiasi kilekile. Robo mzunguko kila mara. Baada ya kila mzunguko kamili wa gurudumu, zikamate spoku mbili mbili kwa viganja na uzibane kwa nguvu. Utasikia zikilia tik tik, ni zile zilizojisokota zinajirudi. Usipofanya hivi zitajirudi barabarani, na gurudumu litalewa tena kabla ya kufika nyumbani.

Mwishoni pita na ukucha kama mpiga ganuni. Za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti inayokaribiana. Moja ikisikika nzito kuliko wenzake, imelegea, hata kama rimu imenyooka. Kwenye baiskeli ya gia, upande wa cheni utalia sauti ya juu zaidi, na hilo ni sawa.

Zisigande tena

Baada ya njia ya ufukweni, maji baridi. Si ya mashine ya shinikizo. Ndoo na kikombe vinatosha, na zungusha gurudumu limwage maji yaliyoingia kwenye mfereji wa rimu. Kila baada ya miezi mitatu tone la oili pale spoku inapoingia kwenye nati, na nati zote zizungushwe robo na kurudishwa. Kazi ya nusu saa.

Lile gurudumu la mama wa mwani lilikuwa na spoku 40. Nati 17 hazikuhitaji kitu. Kati ya 23 za chaki, 18 zilikubali mafuta, 3 zilitaka moto, 2 nikazikata. Alipokuja kulichukua alilizungusha mwenyewe, akatazama, hakusifu. Wiki iliyofuata nilimwona anapita: chini ya gunia, juu ya keria, ameweka kipande cha turubai kilichokunjwa kuelekea nyuma, na maji yalikuwa yanadondoka barabarani nyuma ya tairi.